Ndege wanne mezani: kisa cha kokushi iliyoiba kani ya siri

Kwenye majongi ya Kijapani, mchezo wa vigae wa watu wanne, kigae cha mianzi 1 hakichorwi mwanzi, huchorwa ndege. Kwenye seti ya Mzee, mwenyeji wetu, ni tausi, mkia wa kijani na kichwa chekundu, na rangi imeanza kufifia kwa kushikwashikwa miaka nenda rudi. Ndege hao wako wanne tu kati ya vigae 136. Usiku ninaousimulia walitua mezani wote wanne kwa mkupuo mmoja, na kabla mtu hajameza mate meza nzima ilikuwa inabishana.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinagusa kanuni ambayo wachezaji wengi wameisikia na wachache wameiona ikitumika: katika mchezo mzima kuna mkono mmoja tu unaoruhusiwa kuiba kani ya siri, yaani vigae vinne vinavyofanana ambavyo mtu amevipata vyote mwenyewe. Mkono huo ni kokushi muso. Usiku ule nilikuwa nao mimi, na nilikuwa wa mwisho kwa alama.

Tulikuwa nyumbani kwa Mzee, mkoani Saitama, kaskazini mwa Tokyo, baridi imekaza. Tunachezea kotatsu, ile meza fupi yenye hita chini yake na mfarishi uliotandwa kuizunguka. Ubao wake wa juu hutoka, na ukiugeuza unakuta upande wa pili una kitambaa cha kijani, maalumu kwa majongi. Hatuwekeani pesa. Anayeburuza mkia huleta machenza Jumamosi inayofuata, basi. Nilikuwa nimeyaleta Jumamosi tatu mfululizo.

Asiyeujua mchezo aufikirie kama karata za kupanga. Kila mtu ana vigae 13. Kwa zamu anachukua kimoja ukutani na kutupa kimoja. Anashinda anayekamilisha 14 vilivyopangika: kwa kawaida mafungu manne ya vigae vitatu vitatu, na pacha mmoja. Fungu ni namba tatu zinazofuatana za jamii moja, au vigae vitatu vinavyofanana. Jamii ni tatu, kila moja 1 hadi 9: herufi, duara na mianzi. Juu yake kuna vigae visivyo na namba, yaani pepo nne za dunia, na majoka matatu: jeupe, la kijani na jekundu. Kila aina ina vigae vinne. Ukikamilisha kwa kigae ulichochukua mwenyewe ukutani, hiyo ni tsumo na wote watatu wanalipa. Ukikamilisha kwa kigae alichotupa mwenzako, unasema "roni", na mzigo wote unamwangukia yeye.

Kokushi muso haufuati mpango huo hata kidogo. Hauna mafungu. Unachotakiwa ni kuwa na kimoja kimoja cha aina zote 13 za pembeni, yaani 1 na 9 za kila jamii, pepo nne na majoka matatu, kisha aina mojawapo kati ya hizo uwe nayo mara mbili. Ni takataka za meza zilizokusanywa zikawa hazina. Jina lake limetoka kwenye historia ya kale ya China: ndivyo Xiao He alivyomsifia jemadari Han Xin mbele ya Liu Bang, kwamba ni mtu ambaye nchi nzima haina wa pili wake. Wajapani huuhesabu pamoja na suuanko na daisangeni kuwa yakumani (mikono ya malipo ya juu kabisa) tatu kubwa, zile ambazo mchezaji wa kawaida ana tumaini la kuzipata maishani. Nyinginezo, kama churen poto, wapo wazee wanaosema ukiupata umekufa. Mzee wetu yeye anasema aliupata mara moja, akaumwa mafua tu.

Yakumani hulipa alama 32,000, au 48,000 kwa aliyekaa kiti cha Mashariki. Mchezo huanza kila mmoja akiwa na 25,000. Kwa hiyo yakumani moja inatosha kumfilisi mtu ambaye hajakosea kitu usiku kucha.

Tulikuwa mzunguko wa mwisho kabisa. Mzee alikuwa Mashariki, ana 38,200. Mdogo wake alikuwa Kusini, kushotoni kwangu, ana 29,700. Mimi Magharibi, 9,800. Kulia kwangu, Kaskazini, alikaa mwenzangu wa kazini, 22,300. Mkono huu ukiisha, kila mtu anavaa koti anakwenda zake. Nitawaita kwa viti vyao, isipokuwa Mzee, ambaye ni Mzee hata akihama kiti.

Nikapewa hivi: herufi 1, herufi 9 mbili, duara 1, mianzi 9, Mashariki, Kusini, joka jeupe, joka jekundu. Vinne vilivyobaki vilikuwa vya katikati: herufi 4, duara 5, duara 6 na mianzi 3. Kigae changu cha kwanza kutoka ukutani kikawa upepo wa Kaskazini. Aina tisa za pembeni.

Hapa pana njia panda ya kwanza. Mtu akiwa na aina tisa au zaidi kwenye uchukuaji wake wa kwanza, kabla yeyote hajadaka kigae cha mwenzake, anayo haki ya kulaza vigae vyake na kuomba mkono ufutwe, ugawiwe upya. Watu hufanya hivyo kwa sababu kutoka aina tisa kwenda kumi na tatu ni safari ndefu. Lakini ningefuta ili nipate nini? Nilihitaji alama zinazokaribia 30,000 kumfikia Mzee, na vigae vipya ningegawiwa kwa bahati ile ile iliyonifikisha 9,800. Nikanyamaza, nikatupa duara 5.

Tatizo la kokushi ni kwamba unanuka. Katika majongi ya Kijapani vigae unavyotupa hupangwa mbele yako kwa mistari, sita sita, na kila mtu anavisoma. Wenyewe huita kawa, yaani mto. Mchezaji wa kawaida huanza kutupa vya pembeni kwa sababu ni vigumu kuvipangia fungu, na hubaki na vya katikati. Mchezaji wa kokushi hufanya kinyume, kwa hiyo mto wake huanza na 5, 6, 4, vigae ambavyo wengine wanavililia. Zamu ya tatu tu Mzee alikuwa ameshautazama mto wangu mara mbili.

Zamu ya nne nikapata upepo wa Magharibi, nikatupa duara 6. Zamu ya sita likaja joka jekundu la pili. Nilikuwa tayari na pacha wa herufi 9, na kokushi inahitaji pacha mmoja tu, kwa hiyo nikalitupa joka palepale huku herufi 4 na mianzi 3 bado zimo mkononi. Nililitupa kusudi, kukata ile harufu. Nataka msomaji alikumbuke joka hilo maana litarudi. Zamu ya saba lilikuja joka la kijani, herufi 4 ikaondoka. Zamu ya 11 nikachukua duara 9. Nikatupa mianzi 3 polepole, kama mtu anayetupa kitu kisicho na maana.

Sasa nilikuwa na aina 12, pacha akiwa herufi 9, na nilisubiri kitu kimoja tu duniani: ndege.

Nikahesabu. Kwenye mito yote minne hapakuwa na ndege hata mmoja. Vigae nisivyoviona vilikuwa 79: vile 39 vya mikononi mwa wenzangu, 27 vya ukutani, na 13 vilivyofunikwa kwenye ukuta mfu, ule wa vigae 14 ambao kimoja chake huwa kimefunuliwa. Ndege wanne wakitawanyika humo kibahati, wastani ni 1.4 hivi kuwa ukutani na karibu wawili kuwa mikononi. Kwenye karatasi ni matumaini mazuri.

Ila karatasi haichezi majongi. Mianzi 1 ni kigae ambacho watu hukitupa mapema. Kufika zamu ya 11 bila kumwona ndege hata mmoja si jambo la kibahati, ni dalili kwamba mtu amewakalia. Nilijiambia mtu ana wawili, pengine watatu. Kama ni watatu, ndege wangu ni mmoja tu, na huenda amelala kwenye ukuta mfu asikoweza kufikiwa. Sikuwa na njia nyingine ya kwenda, nikaendelea kuchukua na kutupa.

Zamu ya 13. Nimechukua herufi 8, nimeitupa. Kaskazini akachukua cha kwake. Alikitazama kidogo, akakiweka pembeni ya vigae vyake, akavuta vitatu kutoka upande wa kulia wa safu yake, akavilaza vyote vinne mbele ya meza uso juu: ndege, ndege, ndege, ndege. Akasema "kani". Kisha, kama kanuni inavyotaka, akavifunika viwili vya pembeni, vile viwili vya katikati vikabaki vinatazama dari. Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea ukuta mfu kuchukua kigae cha nyongeza.

"Roni."

Mkono ukasimama hewani. Nikalaza vigae vyangu.

Wa kwanza kusema alikuwa Kusini, na alichosema kilikuwa sahihi kwa kanuni ya jumla. Kani ziko za namna mbalimbali. Ipo ya mtu aliyekwisha daka kigae akaunda fungu la vitatu vilivyo wazi mezani, kisha akapata cha nne akakiongeza. Hiyo huibwa: kama wewe unakisubiri kile cha nne, unakichukua kana kwamba kimetupwa, na kitendo chenyewe huitwa chankani. Na ipo ankani, kani ya siri, ya mtu aliyevipata vyote vinne kwa mkono wake mwenyewe bila kudaka cha mtu. Hiyo haiibwi. Kusini akasema hivyo hivyo, bila ukali: "Hii ni ankani bwana. Vyote ni vyake."

Kisha akaongeza la pili, huku amekwisha gusa mto wangu kwa kidole. "Halafu umetupa joka jekundu. Wewe uko furiteni."

Nianze na hilo la pili, kwa sababu ni kosa linalofanywa hata na watu wanaocheza miaka mingi. Furiteni ni kanuni inayosema: kama miongoni mwa vigae vinavyoweza kukamilisha mkono wako kuna ambacho ulishawahi kukitupa, huruhusiwi kuita roni kwa kigae chochote, hata kile ambacho hukukitupa. Unabaki na tsumo peke yake. Kusini aliona vigae 13 vya kokushi vimelala pale, akaona joka jekundu kwenye mto wangu, akajumlisha. Lakini kinachotazamwa si vigae vya mkono, ni vigae unavyovisubiri. Joka jekundu nilikuwa ninalo. Ningelipata jingine ningekuwa nimekamilisha nini? Hakuna. Nilikuwa nasubiri ndege, na ndege sikumtupa kamwe. Mzee aliinama akautazama mto wangu kigae kwa kigae, midomo ikichezacheza, akasema, "Si furiteni." Hilo likaisha.

Hoja ya kwanza haikuisha haraka hivyo. Mzee ana karatasi ya kanuni za nyumba aliyoibandika ubavuni mwa friji: tano nyekundu zinatumika, anayeshuka chini ya sifuri mchezo unaishia hapo, na kadhalika. Tuliisoma wote. Kuhusu kokushi na ankani hapakuwa na neno.

Kwenye Jantama, majongi ya mtandaoni, swali hili lisingezuka, kwa sababu imeruhusu jambo hili na programu yenyewe hukuonyesha kitufe cha roni. Kanuni za mashindano za chama cha majongi cha Ulaya nazo zinairuhusu kokushi iibe kani ya siri. Lakini mezani kwa watu, na hata katika baadhi ya kumbi na vyama, kuna wanaoikataa, na si kwa ujinga. Wanasema ankani ni mali iliyofungiwa ndani. Ukianza kuvunja mlango kwa ajili ya mkono mmoja, kesho utavunja kwa mwingine.

Mzee alikata shauri hivi: tangu ujana wake wamecheza kokushi inaiba ankani, na ni hiyo peke yake. Kwa hiyo roni imekubalika. Kaskazini akatoa 32,000 asizokuwa nazo, akabaki na hasi 9,700. Mimi 41,800. Mzee, ambaye hakutupa kigae kibaya wala kulipa hata alama moja, akashuka kutoka wa kwanza hadi wa pili kwa uamuzi wake mwenyewe. Heshima yangu kwake ilipanda hapo, ingawa sababu aliyoitoa, kwamba ndivyo walivyozoea, sioni kama inatosha.

Sababu inayotosha, kwangu, imo katika umbo la mkono wenyewe. Chukua mkono wowote wa kawaida unaosubiri ndege. Mwingine akilaza ndege wote wanne, mkono wako umeumia lakini haujafa: unavunja fungu hili, unajenga jingine, unasubiri kitu kingine. Kokushi haina pa kugeukia. Inadai aina zote 13 bila kubakiza, kwa hiyo mtu mmoja akiweka ankani ya aina moja tu kati ya hizo, ulichokuwa nacho kimegeuka takataka papo hapo, hata kama zimebaki zamu 15. Ankani ndicho kitu pekee mezani kinachoweza kuizika kokushi nzima kwa tendo moja, na tendo lenyewe linafanyika hadharani, vigae vikiwa wazi mbele ya macho yako. Kanuni inaipa kokushi pumzi moja ya mwisho kabla ya kuzikwa. Ndiyo maana inaipa kokushi tu.

Sasa tumtazame Kaskazini, maana kwangu yeye ndiye kiini cha kisa. Baadaye alilaza vigae vyake nasi tukaviona. Alikuwa na ndege wanne, pacha wa herufi 7 iliyokuwa dora, yaani kigae cha nyongeza ya thamani, kisha duara 4-5-6, mianzi 6-7-8, na herufi 3 na 5. Alikuwa anasubiri herufi 4 ijae katikati. Mkono huo haukuwa na sifa yoyote, yaani mpango unaotambuliwa na kanuni, ya kuitia roni, na hakutaka kutangaza richi, yaani kusema wazi kwamba amebakiza kigae kimoja tu, kwa sababu ukitangaza richi unafungwa: kila unachochukua kisichokukamilisha lazima ukitupe. Alikuwa ameunusa mto wangu. Hakutaka kufungwa mbele ya kokushi.

Hadi hapo amecheza kwa akili. Kisha akachukua ndege wa nne, na ndani ya kichwa chake, alivyotueleza mwenyewe, taa ikawaka: "Kokushi yake imekufa. Ndege wote ninao mimi." Ilikuwa kweli tupu. Akiwa nao wanne mkononi, nisingeshinda kamwe. Hapakuwa na kigae popote duniani cha kunikamilisha isipokuwa hivyo vinne, na vyote vilikuwa nyuma ya ukuta wake. Angetupa herufi 3 au 5, vigae vya katikati ambavyo kwa kokushi havina madhara, akawashikilia ndege hadi ukuta uishe, angemaliza wa tatu na mimi ningenunua machenza mara ya nne.

Lakini aliona zaidi ya hapo. Kani inampa kigae kimoja cha ziada kutoka ukuta mfu. Kikiwa herufi 4, anashinda kwa rinshani, ushindi wa kigae cha nyongeza, ambao wenyewe ni sifa. Hiyo pamoja na tsumo ya mkono uliofungwa na zile dora mbili ni mangani, alama 8,000: Kaskazini angefika 30,300, Kusini angeshuka hadi 27,700, na nafasi ya pili ingekuwa yake. Na isipokuja herufi 4, si neno, kokushi imekufa na meza yote itaona imekufa, sasa anaweza kutangaza richi kwa amani. Ukutani kulikuwa kumebaki vigae 18. Hesabu yake ilikuwa safi kila mstari isipokuwa mmoja: ufunguo uliofunga mlango ndio huo huo alioutoa mfukoni na kuulaza mezani. Ndege wakiwa mkononi, mimi ni maiti. Wakiwa mezani, kwa muda wa pumzi moja, niko hai.

Je, alijua kanuni? Alisema aliwahi kuisikia. Ila alidhani inahusu kokushi ya kusubiri aina zote 13, ile kubwa kabisa. Hapo nikacheka, na sikumcheka yeye, kwa sababu na mimi niliwahi kuamini hivyo hivyo mpaka nilipokaa na kalamu.

Kokushi ina sura mbili za kusubiri. Moja ni kama yangu: aina 12, mojawapo ikiwa pacha, unasubiri ile ya 13 iliyokosekana. Nyingine ni kuwa na kimoja kimoja cha aina zote 13. Hapo chochote kati ya hizo 13 kinakukamilisha. Hii ya pili ni adimu zaidi, na Jantama huihesabu yakumani mara mbili, 64,000, ilhali Tenhou, majongi mengine ya mtandaoni, huilipa kama yakumani moja. Unaweza kudhani kwamba yenye milango 13 ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuiba ankani. Fikiri tena. Ukiwa na kimoja kimoja cha kila aina, basi hakuna mtu mwingine anayeweza kuwa na vinne vya aina yoyote kati ya hizo. Kimoja unacho wewe. Vilivyobaki ni vitatu. Ankani ya kigae cha pembeni haiwezi kutokea kwenye meza ambayo mtu ana kokushi ya milango 13. Kanuni inayompendelea kokushi haiwezi kukutana hata siku moja na sura yake iliyo kuu.

Upande wa pili nao una kichekesho chake. Furiteni, ile ambayo Kusini aliitaja, huitesa sana kokushi ya milango 13: ukiwa umetupa hata kigae kimoja cha pembeni, tuseme lile joka langu jekundu, umesubiri vyote 13 na huwezi kuita roni kwa chochote. Lakini kwenye wizi wa ankani furiteni haina pa kuingilia kabisa. Kigae ninachokisubiri ni cha aina moja, na vyote vinne vya aina hiyo anavyo mtu mmoja. Mimi sikuweza kukitupa, kwa sababu sikuwahi kuwa nacho. Sikuweza kukiacha kipite, kwa sababu hakuna aliyekitupa. Anayeiba ankani kwa kokushi ni msafi wa furiteni siku zote, bila hata kuuangalia mto wake. Mzee aliinama bure kuukagua wangu, ingawa naelewa kwa nini aliinama. Mtu wa kiti chake lazima aonekane amekagua.

Dogo la malipo, kwa wanaopenda kuuliza: chankani yenyewe kwa kawaida huongeza thamani ya mkono, hani moja. Juu ya yakumani haiongezi kitu. Dora nazo vivyo hivyo. 32,000 ni 32,000.

Tulipokuwa tunavirudisha vigae kwenye sanduku lao, Mzee alichukua kalamu ya risasi akaenda kwenye friji akaongeza mstari chini ya karatasi. Kaskazini alikuwa anavaa koti, akiuliza kama machenza ya mtu aliyeshuka hadi hasi ni mfuko mmoja au miwili. Kusini hakuinuka. Alikuwa amejitengea vigae kwenye kona ya kitambaa, aina zote 13 zimepangwa mstari mmoja mbele yake, na juu ya mstari huo alikuwa anajaribu kupanga ankani ya ndege kwa ajili ya mtu wa upande wa pili. Akaweka mmoja, wa pili, wa tatu. Akapekua sanduku. Akalipekua tena, akainua na mfarishi wa kotatsu kutazama kama kuna kilichoanguka chini.

"Mzee," akaita, "seti yako imepungukiwa ndege mmoja."

Mzee, bila kugeuka kutoka kwenye friji, akamwambia atazame mwanzo wa mstari wake mwenyewe.